Keekee Haikuwa na Kazi Pale Kivinje

Boti ya kijani ilishindwa ikiwa bado mchangani. Mliokuwepo Kivinje siku ile ya mbio za sikukuu mlimwona fundi wake amechuchumaa nyuma ya boti, kofia ya mashine imewekwa pembeni, kabureta iko juu ya kitambaa, na mkononi ameshika keekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole. Zimebaki dakika chache nahodha aitwe majini, naye anapanua tundu la jeti kubwa ya Yamaha Enduro 40 ambayo asubuhi ilikuwa inawaka kwa mvuto mmoja. Ni fundi mwenye mkono mzuri, na pikipiki nyingi za huku Tingi zinatembea kwa sababu yake. Lakini uamuzi ule siwezi kuutetea kwa namna yoyote, na nitaueleza kwa kirefu kwa sababu nimeshaanza kusikia vijana wakiusifia kuwa ni ujasiri.

Kwanza tatizo lenyewe. Kwenye majaribio ya asubuhi boti ilikuwa nzito kuinua kifua. Nahodha alifungua mafuta yote, mashine ikagugumia, ikapanda taratibu, halafu ikagoma kuendelea. Moshi ulikuwa wa kawaida, mlio ulikuwa mmoja, hakukuwa na kumisi. Hizo ni dalili za mashine nzima iliyobebeshwa mzigo usio wake. Yamaha wanaitaka mashine hii, ikifunguliwa yote, izunguke kati ya mara 4,500 na 5,500 kwa dakika. Isipofika huko, cha kwanza kuangalia ni propela, na kila aliyesimama karibu aliiona propela ile: pichi kubwa, yaani hatua ndefu kwa kila mzunguko, ya kufaa boti nyembamba isiyobeba kitu. Ukipunguza pichi kwa inchi moja, mashine hupata mizunguko kama 150 hadi 200 zaidi. Kuibadilisha ni kazi ya kung'oa pini, kufungua nati na kurudishia. Propela ya pili ilikuwemo humo humo ndani ya boti, chini ya nyavu, na hakuna aliyeinama kuichukua.

Ikatolewa kabureta.

Jeti kubwa ni tundu moja lililochongwa kiwandani kwa kipimo na kupewa namba. Kazi yake huanza kuonekana unapovuka nusu ya mafuta kwenda juu. Chini ya hapo mashine inalishwa na jeti ndogo na njia za sailensa, zile za mashine kuunguruma ikiwa imetulia. Na mafuta yanayopita kwenye jeti yanafuata eneo la tundu, ambalo hukua kwa mraba wa kipenyo. Chukueni mfano wa tundu la milimita 1.5 likipanuliwa hadi 1.7. Kwa macho huoni tofauti, lakini eneo limeongezeka kwa asilimia 28. Hewa je? Haikuongezeka hata kidogo, kwa maana koo la kabureta ni lile lile na propela inayoikaba mashine ni ile ile. Petroli inahitaji karibu sehemu 14.7 za hewa kwa uzito ili iungue yote. Mashine ya kwenda mbio tunaizidishia mafuta kidogo, ipate nguvu na pistoni ipoe, ila si zaidi ya robo nzima kwa mpigo mmoja.

Na mfano huo ni wa tundu lililonyooka. Biti inayozungushwa kwa vidole, juu ya goti, upepo ukipeperusha mchanga, haitoi duara. Inatoa tundu la mviringo mbovu lenye kingo na unyoya wa shaba, na hapo hata fundi mwenyewe hajui tena ana jeti ya namba gani. Namba iliyochorwa kichwani imeshakuwa uongo.

Mashine ya stroki mbili ina madhara yake ya ziada, kwa kuwa oili imo ndani ya petroli. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 linabeba mililita 400 za oili. Ukiongeza petroli kwa jeti umeongeza na oili, na oili ile isiyoungua makazi yake ni kwenye plagi.

Sasa tazameni mbio yenyewe ilivyokwenda. Boti ya kijani ilitoka vizuri, na watu wa ufukweni wakapiga makofi wakidhani fundi amepatia. Nahodha alikuwa kwenye nusu mafuta kwa sababu ya uchache wa maji, na kwenye nusu mafuta jeti kubwa ilikuwa bado haijashika kazi. Alipoiacha mikoko nyuma na kufungua yote, moshi ukawa mweusi. Mlio ukawa mzito na wa kukatika, ule wa mashine inayowaka mzunguko mmoja na kuruka mmoja. Boti nyekundu ilimpita hapo, kabla hata ya boya la kwanza. Kwenye boya nahodha akafunga mafuta akate kona, akafungua tena, mashine ikakohoa mara mbili na kuzima. Alivuta kamba mpaka wenzake wakamhurumia. Plagi zilipotolewa zilikuwa nyeusi na zimelowa. Plagi ya kahawia ni mashine yenye afya, nyeupe ina njaa, nyeusi iliyolowa imezamishwa. Baada ya kuziona zile mbili kiganjani mwa kijana wa boti, sikuwa na haja ya kuuliza chochote.

Wapo wanaosema kosa ni la nahodha, kwamba alifunga mafuta ghafla kwenye kona. Hilo nalikataa. Nahodha alikata kona kama inavyokatwa, na kwa mashine ya asubuhi angetoka pale akiwa wa kwanza au wa pili. Huwezi kumlaumu mtu aliyekabidhiwa mashine ambayo hajawahi kuiendesha. Maana ndivyo ilivyokuwa: baada ya keekee kupita, ile haikuwa tena mashine aliyoijaribu.

Fundi mwenyewe alieleza baada ya mbio, na kwa kusema wazi namheshimu, kwamba wazo alilitoa kwenye video za boti ndogo za rimoti, zile za nitro, ambako wajuzi hupanua koo la kabureta na matundu yake wakapata mwendo. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu alichokiona ni kweli tupu. Alichokosea ni kukihamisha.

Boti zile si mchezo wa watoto. Shirikisho lake la kimataifa, Naviga, linazipanga kwa ujazo wa injini, sentimita za ujazo 3.5, 7.5, 15 na kuendelea, na mwenye boti huchagua kabureta kwa kipenyo cha koo kabla ya jambo jingine lolote. Koo kubwa hupitisha hewa nyingi injini ikiwa juu, lakini linaua uvutaji. Toka milimita 9 uende 10: eneo limeongezeka kwa asilimia 23, hewa inapita polepole zaidi, na kwa kiasi kile kile cha hewa uvutaji kwenye tundu la mafuta unashuka kwa karibu theluthi. Injini inakuwa na nguvu mwishoni na ugonjwa chini. Wajuzi wale wanalijua hilo, ndiyo maana huchukua presha kutoka kwenye ekzosi na kuipeleka kwa mpira mwembamba hadi kwenye tanki, mafuta yakasukumwa badala ya kungoja kuvutwa. Ekzosi yenyewe ni ya kupimwa urefu, ya aina iliyopata sifa kwa kazi ya Mmarekani Bill Wisniewski wa kampuni ya K&B katikati ya miaka ya 1960, inayorudisha wimbi la presha mlangoni mwa silinda kabla mlango haujafungwa. Boti nzima imejengwa kulihudumia koo lile kubwa.

Halafu kuna mafuta. Wanachoma methanoli iliyochanganywa na nitromethani. Methanoli inahitaji sehemu 6.4 hivi za hewa, na nitromethani 1.7 tu. Kwa hewa ile ile, injini ya methanoli inakunywa zaidi ya maradufu ya injini ya petroli, kwa hiyo tundu pana kwake ni haki. Ukiichukua haki hiyo ukaipa Enduro inayokunywa petroli ya kituoni Nangurukuru, umeizamisha.

Lakini tofauti kubwa kuliko zote ni sindano. Kabureta ya nitro ina sindano ya mwendo wa juu unayoizungusha kwa vidole, na nyingine ya mwendo wa chini. Aliyepanua koo au tundu la kabureta ile bado ana njia ya kurudi: anafunga sindano nusu mzunguko, anasikiliza, anatazama moshi, anafunga tena robo. Enduro haina sindano kwenye jeti kubwa. Ina skrubu ya sailensa, basi. Ukishalipanua tundu lile umesaini, na shaba uliyoitoa hairudi. Kwa hiyo hata kama fundi angekuwa sahihi kwamba mashine ina njaa ya mafuta, na hakuwa sahihi, njia ilikuwa kuweka jeti ya namba inayofuata na kuitunza ya zamani mfukoni.

Tabia hii ya kupanua matundu ya jeti nimeipigia kelele miaka, na sitanyamaza leo. Imetoka kwenye bodaboda. Pikipiki ikikosa nguvu, mtu anachomoa jeti na kupitisha waya wa breki ndani yake, kisha anasema ameisafisha. Waya unakwangua shaba, tundu linapanuka kidogo kila mara, pikipiki inaanza kula mafuta, na mwenye pikipiki anakilaumu kituo. Jeti husafishwa kwa petroli na upepo. Ikishindikana, nunua nyingine. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaopima oili kwa vifuniko vya chupa na wanaotia mafuta ya taa kwenye mashine ya petroli ili kubana matumizi. Yamaha wanatengeneza mashine za mafuta ya taa, kwa jina lake na kwa kabureta yake, kwa hiyo mwenye kutaka kuchoma mafuta ya taa anunue hiyo.

Mafundi wa zamani wa pwani hii walikuwa na kopo la maziwa limejaa jeti, kila moja imefungwa kwa uzi wa rangi yake. Hawakuwa na video, hawakuwa na kipima mizunguko. Walikuwa na subira ya kubadilisha kitu kimoja, kuteremsha boti, kuipandisha, kutoa plagi na kuitazama juani, ndipo waguse kitu cha pili. Na hawakugusa chochote siku ya mbio. Fundi wa aina hiyo ndiye kipimo changu kwa kila fundi wa leo, na wengi hawamfikii.

Joginder Singh wa Kenya alikuwa wa ukoo huo. Alianza na spana kabla ya kujulikana kwa usukani. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za magari za Safari kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, mbele ya timu za viwanda, na mwaka 1974 akarudi kushinda na Mitsubishi Lancer 1600, injini ya kabureta mbili, kisha akaongeza tena mwaka 1976. Mtu anayejua ndani ya injini huogopa kuigusa bila sababu. Woga huo ndio niliotamani kuuona mchangani siku ile.

Boti nyekundu ilishinda kwa haki: propela sahihi, mashine imeinamishwa tundu moja ndani, nahodha mtulivu.

Kwa mwenye boti ya kijani nina maneno machache, maana najua anajiandaa kwa mbio nyingine. Jeti ile itupwe leo, asiiweke hata kwa akiba, kwa sababu akiba ya namna hiyo huishia kufungwa tena kimakosa. Anunue mpya yenye namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Afungue na kichwa cha silinda akwangue masizi, kwa kuwa oili iliyopita pale siku ile ni nyingi. Kiboya cha kabureta kipimwe urefu wake, maana kilifunguliwa kwa haraka mchangani na kufungwa kwa haraka. Halafu afunge propela ya pichi ndogo na kutoka nayo asubuhi maji yakiwa yamejaa, mtu wa pili akiwa ameshika kipima mizunguko. Ikivuka 5,000 boti ikiwa na watu wake, asiruhusu mkono wa mtu yeyote kuigusa kabureta ile mpaka mbio ziishe.