Vitz, Mashimo na Milimita Saba

Ukiacha lami ya Dar es Salaam na kuingia Kivule, Msongola, Chanika au Goba ya ndani, magari mengi utakayopishana nayo ni madogo: Vitz, Passo, IST, na Starlet chache zilizobaki. Yametengenezwa Japani, yakatembea huko miaka kadhaa kwenye barabara zilizonyooka, kisha yakaja huku kuvuka makorongo yanayochongwa upya kila masika. Ndiyo maana mwenye gari, bampa likishakwaruzwa mara mbili tatu, huanza kuulizia matairi makubwa.

Mwalimu mmoja wa Kivule aliulizia hivyo. Gari lake ni Vitz ya kizazi cha pili, ile ya mviringo iliyoanza kutoka kiwandani 2005, injini ya silinda tatu yenye cc 996 na gia za CVT. Malalamiko yake yalikuwa matatu. Gari linagusa chini. Tairi la mbele kushoto limeota nundu ubavuni. Na kila likiingia shimoni, kishindo kinafika mpaka kwenye usukani. Muuzaji wa matairi alikuwa na jibu moja kwa yote: “Mwalimu, achana na hizi za mtoto. Nakupa rimu za 15 za IST na 185/65, gari linakaa juu.”

Kuna ukweli katika jibu hilo, ila linafunga kamba moja magonjwa matatu yenye dawa tofauti.

Tuanze na namba za pale ubavuni, maana hesabu yote imo humo. Tairi la Vitz hiyo ni 165/70R14. Upana wake ni milimita 165. Ubavu, yaani ile sehemu ya mpira kutoka ukingo wa rimu mpaka chini, ni asilimia 70 ya upana huo: milimita 115.5. Rimu ni inchi 14, sawa na milimita 355.6. Jumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata kipenyo cha milimita 586.6.

185/65R15 ya muuzaji ina kipenyo cha 621.5. Ongezeko ni karibu milimita 35, na hapa ndipo watu hujipa matumaini ya ziada. Gari limekaa juu ya ekseli, na ekseli iko katikati ya tairi, kwa hiyo gari hupanda kwa nusu tu ya ongezeko hilo: milimita 17 na nusu. Si haba. Ni tofauti kati ya sampu kukwaruza jiwe na kulipita. Lakini anayelipia rimu nne na matairi manne huwa anadhani ananunua zaidi ya hapo.

Dai la pili la maduka ni kwamba tairi kubwa “halisikii shimo”. Hili linapimika kwa hesabu ya shule. Chukua shimo la upana wa sentimita 30 lenye kingo kali. Tairi huzama mpaka liguse kingo zote mbili kwa wakati mmoja, na kina cha kuzama kinategemea ukubwa wa duara lake. Tairi la asili la Vitz huzama milimita 41. Lile la 185/65R15 huzama milimita 39 hivi. Milimita mbili na ushee! Kwenye magurudumu ya trekta tofauti ingeonekana; kwenye gari ambalo uwazi wa fenda unakuzuia kuongeza zaidi ya sentimita tatu nne za kipenyo, faida ya duara ni ndogo mno kuhisiwa na dereva.

Kinachohisiwa ni ubavu. Tairi likigonga ukingo wa shimo, upepo na mpira hubonyea kabla ya springi na shokapu hazijaanza kazi. Ubavu ukiwa mfupi na pigo likawa kubwa, mpira hubanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu, nyuzi za ndani hukatika, na baada ya siku chache upepo unasukuma nje pale palipokatika. Hiyo ndiyo nundu ya mwalimu. Tairi la namna hiyo halizibwi wala halipewi nafasi ya pili. Fundi pancha anayesema “litakufikisha mwezi ujao” anakutakia mabaya bila kujua.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kwa mtu wa barabara mbovu ni urefu wa ubavu, na rimu kubwa mara nyingi huupunguza. Angalia 185/60R15, saizi ambayo Toyota yenyewe iliiweka kwenye baadhi ya Yaris za kizazi hicho zilizouzwa Marekani. Kipenyo chake ni 603, gari linapanda milimita nane. Ubavu wake ni milimita 111, pungufu ya 115.5 za tairi la inchi 14 unalolitoa. Umepanda juu huku ukipunguza mto. Ukienda 195/50R16 mambo ni mabaya zaidi: kipenyo 601.4, ubavu 97.5 tu. Vijana wanazipenda, na kwenye lami ya Bagamoyo zinapendeza kweli. Ukiingia nazo Msongola, rimu ndiyo itakayopokea mashimo.

Sasa weka pembeni yake 175/70R14. Rimu ni ileile ya inchi 14, tena ileile ya chuma iliyokuja na gari, kwa kuwa rimu ya upana wa inchi tano au tano na nusu inalipokea tairi hilo bila shida. Kipenyo ni 600.6, pungufu ya lile la inchi 16 kwa chini ya milimita moja. Ubavu ni 122.5. Magari mawili yaliyofungwa matairi hayo mawili yatasimama kimo kimoja, ila moja lina mpira mrefu kwa sentimita mbili na nusu kati ya rimu yake na jiwe. Kwangu mimi ubishi wa rimu uliishia hapo.

Mwalimu hakuridhika upesi. Milimita saba za kupanda, alisema, ni kidogo kuliko 17. Ni kweli. Lakini matairi yake yalikuwa vipara, na hilo halikuwa limeingizwa kwenye hesabu na yeyote. Kashata za tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita saba au nane. Alama ya kuchakaa iko kwenye 1.6. Mtu anayetoa vipara na kufunga mapya ya saizi ileile tayari amepandisha gari kama milimita sita bila kubadili chochote. Ukijumlisha na saba za saizi, Vitz yake ingepanda sentimita moja na zaidi. Nadhani nusu ya wanaosifu “saizi mpya” mtaani wanasifu kashata mpya.

Gharama nyingine za tairi kubwa hazionekani dukani. Ya kwanza ni spidimita, ambayo huhesabu mizunguko ya gurudumu na haijui kwamba gurudumu limekua. Kwa 185/65R15, ongezeko ni karibu asilimia sita: dashibodi ikionyesha 50, gari linakwenda 53 ukilinganisha na lilivyokuwa mwanzo. Ni kweli spidimita nyingi za kiwandani huonyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko halisi, na kanuni za kimataifa haziruhusu zionyeshe pungufu. Akiba hiyo ndogo ndiyo unayoila. Aliyewahi kupigwa tochi kwenye kijiji cha 50 anajua kwamba askari hana habari na dashibodi yako. Kwa 175/70R14 ongezeko ni asilimia 2.4, yaani 51 na kidogo.

Ya pili ni nguvu. Gurudumu kubwa hufanya kazi ya gia ndefu: kwa mzunguko uleule wa injini linakwenda mbali zaidi, lakini linasukuma ardhi kwa nguvu pungufu kwa kiasi hichohicho. Asilimia sita kwenye injini ya lita mbili utaisahau. Kwenye cc 996 iliyobeba watu watano ikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, utaisikia injini ikilia mapema. Ongeza uzito wa rimu na tairi lenyewe, ambao shokapu haziubebi bali zinahangaika kuudhibiti kila gurudumu linaporuka. Halafu huja lalamiko la kuchekesha kidogo: “tangu niweke tairi kubwa gari linakula mafuta.” Huenda linakula kweli, lakini sehemu ya hasara iko kwenye kihesabu cha kilomita. Nacho kinasoma pungufu kwa asilimia zilezile, hivyo lita ileile inaonekana imekupeleka karibu.

Rimu za mtumba zina mitego yao, na hii ndiyo sababu nyingine iliyonifanya nisizipende kwa kazi hii. Vitz ina nati nne kwenye duara la milimita 100, na duka lolote litakuambia “nne kwa mia, zinaingia”. March za Nissan na Fit za Honda pia ni nne kwa mia. Tofauti iko kwenye tundu la katikati. Habu ya Toyota hizi ndogo ina milimita 54.1, rimu ya Honda ina tundu la 56.1, ya Nissan 60.1. Bila pete ya kujaza ule uwazi, rimu haikai katikati sawasawa, na usukani utatetemeka ukifika mwendo wa barabara kuu hata ukifanya balansi mara ngapi. Nati nazo: za Toyota ni uzi wa 1.5, za Nissan 1.25, kwa hiyo nati zilizokuja na rimu usizilazimishe. Na kuna nati za washa bapa na nati za kichwa cha koni. Nati bapa kwenye tundu la koni hukaza leo na kulegea kesho. Rimu ya IST ya muuzaji ingepita mtihani wa tundu la katikati, nakiri. Bado ingebaki rimu ya aloi kwenye barabara ambako rimu ya chuma ikipinda hugongwa nyundo ikarudi, na ya aloi hupasuka.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Kabla ya kununua manne, lilifungwa moja la 175/70R14 mbele, likapakwa chaki mabegani na mwalimu mwenyewe, chaki zikiwa hazina shida kupatikana kwake. Gari likapandishwa gurudumu hilo juu ya matofali ili springi ibonyee, watu wanne wakaingia ndani, usukani ukakatwa mpaka mwisho kulia, kisha kushoto. Ukaguzi ni kutazama chaki imehamia wapi: kwenye plastiki ya ndani ya fenda, kwenye shokapu, au kwenye bomba la breki. Haikuhamia popote. Tulijaribu pia gurudumu la kuazima lenye 185/65R15, na alama nyeupe ikatokea kwenye plastiki nyuma ya gurudumu, upande wa mlango. Wapo wanaoikata plastiki hiyo. Inafanyika, na matope yote ya masika yanapata njia mpya ya kuingia.

Kitu cha kusoma kabla ya kulipa ni namba mbili zaidi ubavuni. Moja ni ya uzito: 165/70R14 ya gari hilo ilikuwa 81, kilo 462 kwa tairi, jipya lilikuwa 84, kilo 500. Ukipanda saizi hakuna sababu ya kushuka hapo. Nyingine ni tarakimu nne za tarehe, wiki kwanza, mwaka baadaye: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Mtumba wenye kashata nzuri na tarehe ya zamani ni mpira uliokauka, na mpira mkavu hupasuka ubavuni hata kama ni mrefu.

Kishindo cha usukani, lile lalamiko la tatu, hakikuisha. Kilipungua. Bushi za mkono wa chini zilikuwa zimekwisha na shokapu moja ilikuwa inavuja mafuta, na hakuna tairi linaloziba hayo. Baadhi ya mafundi wangemwekea spesa juu ya springi ili kuinua bodi moja kwa moja. Spesa huinua sampu kwa kweli, kuliko tairi, lakini hubadilisha pembe za shafti na za magurudumu, na kama bushi ni mbovu unainua ubovu. Alibadilisha bushi na shokapu za mbele kwanza, kisha alaimenti. Upepo ukajazwa kwa kipimo cha kibandiko cha mlango wa dereva badala ya ile “thelathini na tano” ambayo kila gari linapewa barabarani. Tairi lililojaa kupita kiasi linakuwa gumu na kukunyima ule ubavu ulioulipia.

Likabaki tairi la spea, ambalo bado ni 165/70R14. Pancha ikitokea nyuma, lifungwe hapohapo na safari iendelee. Ikitokea mbele, tairi zima la nyuma liletwe mbele na spea iende nyuma. Vitz hii inavutwa na magurudumu ya mbele, na vipenyo viwili tofauti pale hulazimisha difa izunguke bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Mwenye Vitz ya 4WD hana ruhusa hiyo hata nyuma, isipokuwa kwa mwendo wa kufika kwa fundi pancha wa karibu.