Nani Yumo Kwenye Orodha: Vumbi la Asbesto na Mabaharia wa Vita

Mwaka 1946 jarida moja la afya ya viwandani nchini Marekani lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika karakana nne za kuunda meli za kivita. Wafanyakazi 1,074, ambao kazi yao ilikuwa kufunika mabomba ya mvuke kwa asbesto, walipigwa picha za kifua. Watatu tu walikutwa na makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi lake. Watafiti hao, akiwemo Philip Drinker wa Chuo Kikuu cha Harvard, mmoja wa waliobuni mashine ya chuma iliyowasaidia wagonjwa wa polio kupumua, wakaamua kwamba kufunika mabomba si kazi ya hatari.

Walijumlisha sawasawa. Kasoro ilikuwa kwenye orodha ya waliohesabiwa. Takribani asilimia 95 yao walikuwa hawajatimiza miaka 10 kazini, kwa sababu wengi waliingizwa karakanani na vita. Wagonjwa watatu, wote, walikuwa wameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Jibu lilikuwa pale mezani, likasomwa kinyume: watafiti walisema inachukua zaidi ya miaka 20 kuugua, basi hofu iondoke. Hawakuuliza ni wangapi walioanza nao miaka hiyo 20 nyuma, na wako wapi. Aliyeanza kukosa pumzi ameshaacha kazi, na marehemu haitwi kupigwa picha. Ukiwapanga mstari waliofika kazini asubuhi hiyo, unachopima ni uimara wa waliobaki.

Tuingie kwanza ndani ya meli yenyewe. Manowari ya vita kuu ya pili iliendeshwa kwa mvuke wenye joto la zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi, ukipita kwenye mabomba yaliyosokotana katika vyumba vyembamba. Bila kufunikwa, mabomba hayo yangemchoma mtu na kupoteza nguvu njiani. Jeshi la Majini la Marekani lilipenda zaidi asbesto ya kahawia, iitwayo amositi, kwa kuwa ni nyepesi na inastahimili joto. Ilichimbwa Transvaal, Afrika Kusini. Karakanani fundi aliikata kwa msumeno, akamaliza zamu akaenda nyumbani. Baharia wa chumba cha boila hakuwa na pa kwenda. Valvu ikivuja aliubomoa mfuniko kwa mikono, akarekebisha, akakoroga ujiuji mpya wa asbesto na kuupaka, kisha akapanda kulala kwenye kitanda chenye mabomba juu ya kichwa.

Nyuzi hizo ni nyembamba mno, na zikishazama mapafuni mwili hauwezi kuzivunja. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, karibu wote wakiwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya buluu huko Cape, Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Waliishi tu jirani na machimbo. Kati ya kuvuta vumbi na kuugua hupita kwa kawaida miaka 20 hadi 50.

Ugonjwa wa namna hiyo unahitaji orodha ya namna nyingine, na Irving Selikoff wa New York aliipata kwa chama cha wafanyakazi. Alichukua majina ya wafunikaji mabomba na boila 632 waliokuwa wanachama mwishoni mwa 1942, akaifunga orodha hapo, akamfuatilia kila mmoja hadi mwisho wa 1962. Aliyestaafu alibaki ndani, na aliyekufa pia. Chama kilikuwa kinawajua marehemu wake. Kwa viwango vya kawaida vya wanaume wa umri wao, vifo vya saratani ya mapafu na utando wake vingekuwa 6.6. Vilikuwa 45. Baadaye timu yake iliwapiga picha za kifua wafanyakazi 1,117. Kati ya 392 waliokuwa wametimiza miaka 20 tangu waanze kazi, 339 walionyesha dalili. Kipimo ni kilekile cha 1946, na ufundi ni uleule.

Sigara nayo ina sehemu yake, na jeshini ilikuwa ikigawiwa bure au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hesabu ya 1979 ilionyesha kwamba asbesto peke yake iliongeza vifo vya saratani ya mapafu mara 5 hivi, sigara peke yake mara 11, na vyote viwili pamoja zaidi ya mara 50. Mesothelioma haiijali sigara, ndiyo maana ni shahidi mzuri zaidi wa vumbi.

Lakini hao wote walikuwa mafundi raia. Mabaharia hawakuwa na chama cha kuwatunzia majina, na cheti cha kifo hakikusaidia: Marekani ilianza kuipa mesothelioma namba yake yenyewe kwenye takwimu za vifo mwaka 1999, ilipohamia toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya magonjwa. Kabla ya hapo ilizama ndani ya saratani nyingine.

Orodha ya wanamaji ilipatikana kwa njia ya ajabu. Serikali ilikuwa imehifadhi majina ya wanajeshi walioshiriki majaribio ya mabomu ya nyuklia kati ya 1945 na 1962, ili ijulikane kama mionzi iliwadhuru. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwafuatilia zaidi ya 114,000 kati yao. Mesothelioma ilikuwa imezidi, ila ziada yote ilitoka majaribio ya Bahari ya Pasifiki, ambako wengi walikuwa mabaharia. Jangwani Nevada, ambako wengi hawakuwa wa majini, haikuzidi. Kama mionzi ndiyo iliyoua, kwa nini iwachague wenye meli? Mabaharia wa vyeo vya chini walikufa kwa ugonjwa huo mara 2.15 ya ilivyotarajiwa. Wa boila, mitambo na mabomba, mara 6.47. Kwa maafisa ongezeko halikuonekana. Wastani, hata hivyo, haumkingi mtu mmoja: Admirali Elmo Zumwalt, aliyewahi kuliongoza Jeshi la Majini zima, alikufa kwa mesothelioma mwaka 2000.

Mgawanyo huo wa kazi ndio unaotumika leo kwenye madai. Tangu hukumu ya Feres ya 1950, mwanajeshi hawezi kuishtaki serikali kwa madhara aliyoyapata akitumikia jeshi, kwa hiyo mkongwe huomba fidia kwa Idara ya Maveterani, ambayo ina jedwali linalopanga kila kazi ya jeshi la majini kwa uwezekano wa kukutana na asbesto. Aliyekuwa fundi wa boila hupita upesi. Karani wa meli ileile, aliyelala chini ya mabomba yaleyale, huanza na daraja la chini na kutakiwa kueleza vumbi lilimfikiaje.