Ramani ya Tanzania Ishuke Diskini Moja kwa Moja

Kila siku Geofabrik, kampuni iliyoko Karlsruhe, Ujerumani, huandaa upya ramani ya Tanzania kutoka OpenStreetMap katika faili moja: tanzania-latest.osm.pbf. Humo zimo barabara na mifereji ya Dar es Salaam iliyochorwa chini ya mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015. Faili hiyo ina mamia ya megabaiti. Ukitaka seva yako iichukue kwa PHP, njia inayokuja haraka akilini ni kuisoma kwa file_get_contents kisha kuihifadhi. Hapo ndipo kazi inapokufa.

file_get_contents hujaza faili yote kwenye kumbukumbu kabla diski haijapata hata baiti moja, na kikomo cha kawaida cha PHP ni megabaiti 128. Wengi hukimbilia kupandisha kikomo. Napinga kabisa: shughuli mbili za namna hiyo zikikutana, seva nzima inalemewa kwa mzigo usiohitajika.

Kinachotakiwa ni mkondo. Fungua anwani kwa fopen, fungua faili ya diskini, kisha unganisha hizo mbili kwa stream_copy_to_stream. Data hupita kidogo kidogo, kama maji yanayochotwa mtungini kwa kata. Mimi hupendelea cURL na CURLOPT_FILE, ambayo nayo huandika data moja kwa moja kwenye faili ya diskini. Ukiongeza CURLOPT_FAILONERROR, ukurasa wa kosa la 404 hautahifadhiwa kwa jina la ramani. Na CURLOPT_LOW_SPEED_LIMIT pamoja na CURLOPT_LOW_SPEED_TIME hukata pale mtiririko unapodorora mno, si kwa sababu tu muda umekuwa mrefu. Kwa intaneti ya polepole, tofauti hiyo ni kubwa.

Ugumu wenyewe uko kwenye kuendelea baada ya mtandao kukatika. Unaomba kuanzia baiti uliyofikia kwa kichwa cha Range. Seva ikikubali hujibu 206, nawe unaongezea mwishoni mwa kipande ulichonacho. Lakini jina hilo la “latest” halibadiliki ilhali kilichomo hubadilika kila siku. Ukianza usiku na kumalizia kesho yake, unaweza kushona nusu ya ramani ya jana na nusu ya leo, bila kosa lolote kuonekana. Kwa hiyo hifadhi ETag ya mwanzo, yaani alama ya toleo la faili inayotolewa na seva, na uirudishe katika kichwa cha If-Range. Faili ikiwa imebadilika, seva huleta yote upya kwa jibu la 200. Soma jibu hilo kwa CURLOPT_HEADERFUNCTION na ufute kipande cha zamani kwa ftruncate kabla data mpya haijaingia.

Yote haya yafanyike kwenye faili yenye kiambishi cha .part. Geofabrik huweka pia faili ya .md5; ilinganishe na matokeo ya md5_file, ambayo nayo husoma kipande kwa kipande. Zikilingana, tumia rename ndani ya diski ileile, na programu inayosoma ramani ya zamani haitakutana kamwe na faili nusu.