Nunua Kioo, Acha Stika

Mwenye fedha ndogo akiingia duka la runinga Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, kinachompokea kwanza ni stika: LED, QLED, UHD, HDR, Smart. Muuzaji naye hakawii: "Hii mpya bosi, 4K hii." Nasema mapema kwamba kwa bajeti ya chini karibu kila runinga iliyotundikwa ukutani hapo ni ya aina moja tu, LCD. Kioo chake hakiwaki chenyewe. Kina fuwele zinazofungua na kuziba njia ya mwanga unaotoka kwenye taa zilizopangwa nyuma yake. Zamani taa hizo zilikuwa mirija myembamba, siku hizi ni LED, ndiyo maana ikaitwa TV ya LED. QLED, jina ambalo Samsung ililiingiza sokoni mwaka 2017, nayo ni LCD iliyoongezewa utando wa kuzinogesha rangi. OLED ndiyo iliyo tofauti kweli, maana kila pikseli huwaka na kuzimika yenyewe, na giza lake ni giza hasa. Bei yake inaiweka nje ya mazungumzo yetu.

Kwa hiyo anayebana matumizi hachagui kati ya LED na QLED. Anachagua kioo, na vioo vya LCD vinavyofaa viko vya namna mbili, VA na IPS. Stika haitakwambia ni kipi, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hajui. Macho yako yatajua.

Nenda dukani na flashi yenye picha chache ulizotengeneza kwa simu: nyeusi tupu, nyeupe, ya kijivu, nyekundu, kijani na bluu. Omba kwanza rimoti uiondoe runinga kwenye hali ya "Vivid" au "Dynamic". Maduka huiacha humo kwa sababu picha kali huvuta macho, lakini rangi za ngozi za watu huharibika vibaya. Weka "Standard" au "Movie", kisha ufungue ile picha nyeusi na uombe taa ya karibu izimwe, au uweke kivuli kwa mikono yako. Ukisimama mbele, kioo cha VA kitakuwa cheusi cha kuridhisha, kwa kuwa sehemu nyeupe yake hung'aa mara 3,000 au zaidi kuliko sehemu nyeusi. IPS iko kwenye 1,000 hivi, na weusi wake huelekea kijivu, hasa kwenye pembe. Sasa weka picha yenye watu, kisha sogea ubavuni. VA huanza kupauka, nyuso za watu zinafifia. IPS hubaki na rangi zake.

Hapo ndipo uamuzi ulipo, na unategemea nyumba yako. Familia inayokaa kwenye kochi moja linaloelekea runinga, na kutazama zaidi usiku, ichukue VA bila kusita. Sebule ambayo watu hukaa pande zote, wengine mkekani, majirani wakijaa siku ya mechi, inafaa IPS. Mwenye kibanda umiza cha kuonyesha mechi asiguse VA kabisa, maana nusu ya wateja wake wanatazama kwa pembeni. Ukikuta kioo ambacho ukichuchumaa na kukitazama kutoka chini picha inageuka giza, au rangi zinapinduka, hicho ni TN. Kiache hapohapo, hata kwa bei ya kutupa.

Baada ya hapo omba mpira. Mechi ni mtihani mkali kuliko zile filamu za maua na samaki ambazo maduka huzicheza kutwa. Kamera inapoufuata mpira kutoka goli moja hadi jingine, majani ya uwanja hupita juu ya kioo kizima, na kila mahali ambapo mwanga wa nyuma haukusambaa sawasawa hujitokeza kama milia ya kivuli iliyosimama wima, isiyosogea wakati uwanja unasogea. Milia hiyo hairekebishiki kwa rimoti. Ukiiona dukani utaiona kila wikiendi, na ukishaijua macho hayataiacha tena. Runinga nyembamba sana huwa na taa ukingoni tu, na nyingi za bei ya chini hushindwa mtihani huu. Ile nene kidogo, yenye taa zilizotandazwa nyuma ya kioo kizima, haina umbo la kutamanisha lakini mara nyingi mwanga wake umetulia zaidi.

Kuhusu 4K, nina msimamo. Kwenye runinga ya inchi 43 yenye Full HD, jicho zima la binadamu haliwezi kuzitenga pikseli ukikaa zaidi ya mita 1.7 hivi, na sebule nyingi watu hukaa mbali kuliko hapo. Matangazo ya antena nayo hayarushwi kwa 4K. Kinachoniumiza ni maandishi ya "4K supported" kwenye boksi la runinga ambayo kioo chake ni cha pikseli 1366 kwa 768. Maana yake inapokea faili ya 4K kisha inaipunguza, na mnunuzi ameshalipia alichokiamini. Ongeza kwenye flashi yako picha ya 1920 kwa 1080 yenye mistari ya pikseli moja moja, mweusi na mweupe, na uhakikishe runinga haijaikuza picha kuvuka kingo. Kioo cha Full HD kitaionyesha safi ukisogeza uso karibu. Cha 768 kitaichafua kuwa mawimbi ya kijivu. Kwa inchi 32 isikusumbue sana, HD ya kawaida inatosha.

Taa za nyuma ndizo hufa mapema kwenye runinga za bei nafuu, kwa sababu husukumwa hadi mwisho ili picha ing'ae dukani. Sauti inabaki, picha inapotea. Mulika tochi kwa ubavu juu ya kioo kilichozima namna hiyo: ukiona picha hafifu, kioo ni kizima na fundi anaweza kubadilisha taa, na azibadilishe zote, kwa maana zilizobaki zimechoka vilevile. Ukinunua mpya, siku ya kwanza ingia kwenye menyu ushushe "Backlight" hadi nusu au zaidi kidogo. Joto litapungua na taa zitaishi muda mrefu zaidi.

Kwa mtumba, fungua ile picha ya kijivu. Vidoa vyeupe vya mviringo ni vilenzi vilivyodondoka juu ya taa, hilo linatengenezeka. Mstari mwembamba unaokatiza kutoka juu hadi chini ni habari nyingine. Wapo wanaobonyeza ukingo wa fremu mpaka mstari upotee, kisha wanakuuzia. Acha runinga iwake nusu saa, ipate joto, ndipo uutafute tena. Kioo kikifa, bei ya kukibadilisha hukaribia ya runinga nyingine. Iliyotoka Japani inataka volti 100 na haishiki matangazo yetu ya DVB-T2 bila king'amuzi. Runinga za plazma zina weusi mzuri na mpira wake unapendeza, lakini Panasonic, Samsung na LG zote zilikuwa zimeacha kuzitengeneza kufikia mwisho wa 2014, ni nzito, na umeme wake utaulipia kila mwezi. OLED ya mtumba ipime kwa picha nyekundu, utafute alama za nembo ya kituo na ubao wa magoli zilizoganda pembeni.

Sauti sitaisema sana. Spika za runinga zote hizi ni dhaifu, na redio yenye "AUX" itakusaidia zaidi kuliko kuhama chapa.

Kwa fedha ya kununulia inchi 50 ya 4K yenye jina ambalo fundi wa mtaani kwako hajawahi kulifungua, mimi huchagua inchi 43 ya Full HD, kioo cha VA, taa zikiwa nyuma yote, ya chapa ambayo vipuri vyake vinapatikana mjini, na chenji inayobaki inakwenda kwenye kifaa cha kuikinga runinga na hitilafu za umeme. Usilipie ile iliyotundikwa ukutani ukabebeshwa boksi lililofungwa. Iwashwe hiyohiyo utakayoondoka nayo, picha zako zote zipite, risiti iandikwe namba ya runinga hiyo. Muuzaji akikataa, duka la pili liko hatua chache mbele.