Mita 4.8 kwa Sekunde

Kabla ya kuwasha mashine, mtaalamu wa eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, anampima kijana presha ya mkononi: 118 kwa 74. Wapo wanaoiruka hatua hii. Yeye anaiandika pembeni, ataihitaji.

Kijana anasoma chuo kikuu pale Makumira, amekuja mjini Arusha kwa daladala. Tangu utotoni anajua kuwa ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo wake una tundu.

Analazwa ubavu wa kushoto ili moyo usogelee mbavu na pafu liupishe. Mtaalamu anapaka jeli kwenye probu, anaiweka kushoto mwa mfupa wa kifua, anaizungusha kidogo, anasubiri. Chumba cha kushoto kinajitokeza. Anakipima kikiwa kimejaa damu: sentimita 4.9, hakijatanuka. Anaukagua mlango wa aota, kwa sababu uko jirani na tundu, na damu inayopita kwa nguvu huweza kuuvuta mpaka ukaanza kuvuja. Hauvuji.

Kisha Dopla ya rangi, inayoonyesha mwendo wa damu. Penye tundu unachomoza mkondo mwembamba, rangi zimevurugika. Anaulenga, mashine inasoma mita 4.1 kwa sekunde. Mimi ningeandika na kuita mgonjwa mwingine. Yeye anahamia nafasi ya ubavu wa chini, anainamisha mkono kiasi ambacho jicho langu halikukiona: 4.5. Dopla haidanganyi kwa kuzidisha. Mshale wa mashine usipofuata mkondo, kasi hupunguka tu. Kwa hiyo anaendelea kutafuta mpaka mshale wake na damu vinakwenda njia moja. 4.8. Anarudia, inabaki 4.8.

Sasa hesabu: kasi mara kasi, mara 4, unapata tofauti ya presha kati ya vyumba viwili, karibu 92. Ukiitoa katika ile 118 ya mkononi, upande wa kulia unabaki na 26, presha ya kawaida. Kwa 4.1 ingetoka 51, na kijana angerudi Makumira akiamini mishipa ya mapafu yake imeanza kuharibika.

Bado hajaridhika. Anatafuta uvujaji mdogo wa mlango wa kulia, ambao watu wengi wazima wanao: mita 2.4, yaani presha 23. Anashusha probu chini ya kifua, anamwambia, “Vuta pumzi puani, mdogo wangu.” Mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka chini unasinyaa vizuri, ishara kwamba presha ya chumba cha juu cha kulia ni ndogo, anaongeza 3. Jumla 26. Njia mbili, jibu moja. Hasemi kitu, lakini nilimwona akitabasamu kidogo.

“Dokta, 4.8 siyo kubwa?” kijana anauliza huku akifuta jeli.

Anamchorea. Ukibana mpira wa maji kwa kidole, maji yanaruka mbali. Tundu dogo nalo ndivyo lilivyo, ilimradi upande wa pili hauna presha ya kuizuia damu. Kasi ikishuka mwaka hadi mwaka, hapo ndipo pa kuwahi kwa madaktari wa moyo, hata ikibidi Taasisi ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Atunze meno, maana bakteria wa kinywani huweza kuvamia penye tundu. Na karatasi hii ya majibu asiipoteze: atakayempima tena atataka kuiona 4.8 ya leo, pamoja na presha ya mkononi iliyoandikwa pembeni.