Mali Iliyopatikana Mkononi: Wizi wa Nyumbani Unavyothibitishwa Doldol

Mjini Doldol, kaskazini mwa Laikipia, aliyevunjiwa nyumba huwa na jina la mshukiwa mdomoni hata kabla hajahesabu vilivyopotea. Kijana fulani alionekana akipitapita. Jirani fulani ana madeni. Jina hilo ndilo hupelekwa kituoni, na kesi huanza kuyumba hapo hapo. Hakimu hatauliza mnamshuku nani. Atauliza mali ilipatikana wapi, kwa nani, lini, na mlijuaje kwamba ni yenu.

Maswali hayo yalipangwa vizuri na Mahakama ya Rufaa ya Kenya katika rufaa ya jinai namba 272 ya mwaka 2005, uamuzi ambao mahakama za nchi hii huutaja mara kwa mara. Ili mtu ahukumiwe kwa kukutwa na mali ya wizi, sharti ithibitike kwamba ilipatikana kwake, kwamba ni ya mlalamishi bila shaka, kwamba iliibwa kutoka kwa mlalamishi huyo, na kwamba iliibwa karibuni. Yote manne yakisimama, mshukiwa hutakiwa kueleza alivyoipata. Akikosa maelezo yanayoingia akilini, mahakama yaweza kumhesabu kuwa ndiye mwizi, ingawa hakuna aliyemwona akiingia dirishani.

Sharti la pili ndilo gumu kwa mali ya nyumbani. Mtungi wa gesi hufanana na mitungi mingine elfu. Paneli ya sola nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa nambari ya kiwandani iliyobandikwa mgongoni. Simu ina nambari yake ya utambulisho, IMEI, ya tarakimu 15: bonyeza *#06#, uinakili daftarini, uweke pamoja na risiti. Wafugaji wa Mukogodo wanalielewa jambo hili tangu zamani, maana mifugo yao hutiwa alama masikioni na chapa ya moto. Redio na jembe vinastahili vivyo hivyo. Mkwaruzo wa msumari chini ya redio unatosha, mradi uutaje polisi waandike kabla redio haijapatikana. Ukiutaja baada ya kuonyeshwa redio, wakili wa upande wa pili atasema umeuona pale pale kituoni, na utakosa la kumjibu.

Neno "karibuni" halina idadi ya siku. Majaji wa rufaa ile walisema hutegemea wepesi wa kitu kuhama mkono. Simu yaweza kuuzwa Nanyuki jioni ile ile na kupita kwa watu watatu kabla ya wiki kwisha. Kabati la mbao halitembei hivyo. Ndiyo maana kuchelewa kupiga ripoti huumiza zaidi kesi ya simu.

Na nyayo je? Huku wapo watu hodari wa kuzifuata, na Hifadhi ya Lewa ina mbwa wa kunusa. Hata hivyo, tangu kesi ya Omondi ya mwaka 1967, mahakama hupokea ushahidi wa mbwa kwa tahadhari kubwa, na mwenye kumwongoza hutakiwa kueleza mafunzo na uzoefu wa mnyama huyo. Nyayo zikufikishe kwenye mali; mali ndiyo itakayosema mahakamani.

Kinachoniuma zaidi ni kipigo. Mshukiwa hukamatwa na umati, akachapwa mpaka akakiri, watu wakaamini kazi imekwisha. Kisheria hawajapata kitu. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichowekwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Waliopiga ndio watakaokuwa na mashtaka ya kujibu.

Saa ya wizi nayo itajwe. Kuvunja nyumba mchana kuna kifungo cha hadi miaka 7. Usiku, ambao sheria inauhesabu kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ni hadi miaka 10.

Ukivunjiwa, usifagie wala usishike kufuli. Mwite chifu au mzee wa Nyumba Kumi awe shahidi wa ulivyoikuta nyumba, kisha nenda kituoni siku hiyo hiyo na orodha yenye alama na nambari. Usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.