Mhariri Aliyepewa Muhuri

Kila nikirudi kwenye kitabu cha Paul Doumer cha kumbukumbu zake za Indochina, kilichotoka mwaka 1905, najiuliza: yule mhariri alikwenda wapi?

Maana Doumer hakuzaliwa bwana mkubwa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Yeye mwenyewe alianza maisha kama mwanagenzi katika karakana ya nishani, akawa mwalimu wa hesabu, kisha akaacha chaki akashika kalamu ya uhariri wa gazeti katika jimbo la Aisne. Mwaka 1888 akaingia bungeni. Alipokuwa Waziri wa Fedha, mwaka 1895 hadi 1896, alipigania kodi ya mapato, ili mwenye nacho achangie zaidi. Wenye mali na Baraza la Seneti wakampinga, kodi isipite.

Mwaka 1897 mtu huyuhuyu akapelekwa Indochina kuwa Gavana Mkuu. Huko hapakuwa na Seneti ya kumzuia. Je, alimtafuta mwenye nacho? La. Hazina yake aliijaza kwa chumvi, pombe na afyuni, vyote vikiwa chini ya mkono wa serikali. Afyuni ndiyo kasumba, neno ambalo sisi tumelizoea kwa ugonjwa mwingine wa kikoloni. Lakini linaloniuma zaidi ni chumvi. Mvietnam maskini hula wali kwa mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Ukiipandisha bei chumvi, umeingia jikoni mwake. Tajiri na fukara hawapitani sana kwa chumvi wanayokula. Mtu wa hesabu alilijua hilo.

Siwezi kusema hakufanya kazi. Alijenga reli, na daraja la Mto Mwekundu pale Hanoi, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, lililofunguliwa mwaka 1902 kwa jina lake. Kitabuni anayasimulia hayo kwa fahari, na fasaha anayo, ukisoma huchoki. Ila mlipaji wa gharama ni nadra kupewa nafasi ya kusema, na kumpa nafasi huyo ndiyo kazi ya kwanza ya mwandishi wa habari.

Daraja lingali limesimama. Siku hizi linaitwa Long Biên. Mimi bado naupekua ule ukurasa ambao muuza samaki wa Tonkin angeulizwa bei ya chumvi.